UZI: Vitindamlo vya kushibisha kwa matunda ya masika (Nakuru, Kisumu na magharibi)

#1 MpishiNjoro

Wadau, mapishi mengi ya matunda tunayokutana nayo mtandaoni kuanzia Machi yametoka Ulaya. Kule Machi hadi Mei ni majira ya kuchipua: baridi inaondoka, rubabu (shina kali linalopikwa kama tunda) inaingia sokoni, kisha stroberi. Kwetu miezi hiyohiyo ni masika. Stroberi ya Molo au Njoro iliyochumwa baada ya mvua ya siku tatu imejaa maji na utamu wake umefifia. Ukifuata vipimo vya watu wa huko gramu kwa gramu, unaishia na bakuli la maji mekundu na krimu iliyolegea juu yake.

Wengi wakiona hivyo wanaongeza sukari. Sukari inavuta maji zaidi, kwa hiyo tatizo linakua. Dawa ni kutoa maji kwanza, halafu kuliwekea tunda kitu kizito cha kukalia: maziwa yaliyochujwa, karanga, wimbi. Hicho ndicho kinachomfanya mtu aridhike na bakuli moja.

Naanza na stroberi kwa mala (maziwa ya mgando) na chenga za wimbi. Inatosha watu 6.

Mala lita 1 imwage kwenye kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa juu ya chujio, funika, iache usiku kucha kwenye friji. Asubuhi utakuta gramu 400 hadi 500 za kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko. Mala yenye sukari na ladha haifai, haichujiki vizuri na inabaki na harufu ya dukani.

Stroberi gramu 500, yaani vipakiti viwili vya 250. Osha zikiwa bado na vikonyo vyake, kisha ndipo uvitoe. Ukitoa kikonyo kwanza, maji ya kuoshea yanaingia kupitia lile shimo na umejiongezea kazi. Kata gramu 350 vipande vinne vinne, changanya na sukari vijiko 2 vya mezani na chumvi kidogo sana, acha dakika 30. Zitatoa juisi. Ichuje juisi hiyo kwenye sufuria ndogo, ichemshe peke yake dakika 5 au 6 mpaka ipake mgongo wa kijiko, ipoe, kisha uirudishie stroberi. Vile vipande havijapikwa ila mchuzi wake umekuwa mzito. Gramu 150 zilizobaki zikae mbichi, zikatwe dakika ya mwisho.

Chenga: unga wa wimbi kikombe 1 (gramu 120 hivi), karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu gramu 60, sukari nguru iliyokwaruzwa gramu 50, siagi baridi gramu 60, chumvi. Sugua kwa ncha za vidole mpaka iwe kama changarawe. Ikiwa kavu mno, nyunyiza kijiko kimoja cha mala. Oveni 170°C, dakika 18 hadi 22, koroga mara moja katikati.

Panga chini mala, kati stroberi, juu chenga, na chenga ziwekwe wakati wa kuandaa. Zikikaa nusu saa juu ya tunda zinageuka uji.

#2 Nyar_Kibuye

Mpishi, hiyo ya Njoro ni ya watu wa baridi. Kisumu ukiacha mala juu ya meza mchana wa Machi inakuwa kitu kingine. Wengi hapa hawana oveni, na friji inategemea stima. Hizo chenga zinafanyika kwenye jiko la makaa?

#3 MpishiNjoro

Zinafanyika, dada. Sufuria nzito au kikaango cha chuma, moto mdogo kabisa, dakika 12 hadi 15 bila kuacha mwiko. Tahadhari moja: wimbi tayari ni kahawia, kwa hiyo usipime kuiva kwa rangi. Ukingoja iwe kahawia zaidi, umeshaunguza na uchungu wake hautoki. Tumia pua na masikio. Mwanzoni siagi inatoa sauti ya kuchemka kwa sababu ya maji yaliyomo, na harufu ni ya unga mbichi. Sauti inapungua, harufu inageuka kuwa ya njugu za kukaanga. Hapo toa upesi umwage kwenye sinia, maana ukiziacha kwenye chuma moto zinaendelea kuiva. Zikitoka ni laini. Zinakauka zikipoa, kwa hiyo usizirudishe motoni eti hazijakauka.

#4 BakaBahati

Naongeza jambo kuhusu sukari nguru. Watu wananunua ya kutoka viwanda vidogo vya miwa vya upande wa Kakamega, wanaitia kwenye maziwa yanayochemka, maziwa yanakatika, kisha wanalaumu maziwa. Sukari nguru ina asidi kidogo. Iyeyushe kando kwa maji kidogo, chuja (utakuta mchanga na makapi ya miwa chini, usishangae), iache ipoe, ndipo uitie kwenye maziwa yaliyoshatoka motoni. Kwenye chenga haina neno.

#5 Nyar_Kibuye

Sasa ya joto. Kastadi ya pasheni, inatosha watu 5, haihitaji oveni, na ikibidi inaliwa ikiwa na uvuguvugu.

Pasheni 10 zilizokunjamana ngozi. Ile inayong'aa bado ni chachu na haina harufu. Kata, kwangua, na usitie kwenye blenda ukaiacha inguruma: mbegu zikivunjika juisi inakuwa chungu na yenye vumbi jeusi. Sukuma kwa kijiko juu ya chujio. Utapata kama mililita 100.

Maziwa mililita 500, viini 3 vya mayai, sukari gramu 50, wanga wa mahindi (ule mweupe unaoteleza, si unga wa ugali) vijiko 3 vya mezani vilivyosawazishwa. Koroga viini, sukari na wanga kwa maziwa baridi kidogo mpaka kusiwe na donge. Chemsha maziwa yaliyobaki, yamwage polepole juu ya viini huku unakoroga, rudisha yote motoni.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kastadi ikianza tu kuwa nzito wanatoa kwa kuogopa mayai yasigande. Jioni wanaikuta imekuwa maji. Kiini kibichi kina kimeng'enya kinachokula wanga, na hakifi mpaka mchanganyiko uchemke kweli. Wanga ukiwemo, mayai hayagandi upesi, kwa hiyo iache itoe mapovu makubwa yale yanayopasuka "pu, pu" kwa dakika nzima, mwiko ukipita chini na pembeni.

Toa. Acha ipoe mpaka kidole kistahimili. Sasa tia juisi ya pasheni. Ukiitia motoni, asidi inauvunja wanga na unarudi kwenye maji yaleyale. Ukiwa na haraka ya kuipoza, simamisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge.

Juu yake papai lililoiva, vipande vidogo, na ndimu. Papai liwekwe wakati wa kula tu.

#6 Kijana_wa_Milimani

Kwa nini papai wakati wa kula tu? Niliona mahali watu wanalichanganya na maziwa asubuhi wanakula jioni.

#7 Nyar_Kibuye

Papai na nanasi vikiwa vibichi vina vimeng'enya vinavyovunja protini. Kwenye maziwa au mala, baada ya saa moja au mbili unapata uchungu na maji yanajitenga. Kwenye jelatini ni mbaya zaidi, haigandi kabisa hata ukiiweka friji wiki nzima. Nanasi ukilichemsha dakika 5 tatizo linaisha. Wasio na friji watumie agaaga, kigandishi cha mwani kinachouzwa kama unga au nyuzi: kijiko kimoja cha chai cha unga kwa mililita 500, ichemshwe dakika 2 kamili kwanza kwa maji matupu, ndipo uchanganye na juisi isiyo baridi. Inaganda ikifika kama 40°C, yaani inaganda Kisumu mezani bila friji. Lakini ukichemsha agaaga pamoja na juisi kali ya ndimu au pasheni, inalegea.

#8 DadaVihiga

Mmepita mapera kana kwamba hayapo! Na ndiyo matunda yanayooza chini ya miti kote huku Vihiga na Kakamega, watoto wakipigana na ndege. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya mara mbili ya chungwa, na pera zima lina nyuzinyuzi za kutosha kumfanya mtu aseme nimeshiba.

Shida ya pera ni mbegu. Usizitoe moja moja. Fanya hivi: chagua mapera ya namna mbili, kilo 1 jumla. Robo tatu yawe yameiva, yanabonyea, yana harufu. Robo moja yawe ndiyo yanageuka manjano. Hayo yenye ugumu ndiyo yenye pektini nyingi, ile inayoshikisha jamu. Kata katikati, kwangua moyo wenye mbegu kwa kijiko, weka maganda yale ya nyama pembeni. Mioyo yote itie kwenye sufuria na maji mililita 200, chemsha dakika 10, sukuma kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki mbegu tupu. Rojo hilo ndilo mchuzi wako. Litie sukari nguru gramu 60 iliyoyeyushwa, kipande cha tangawizi kama kidole gumba kilichopondwa, na mdalasini kijiti kimoja. Rudishia zile nyama za pera, funika, moto mdogo dakika 12 hadi 15. Tia ndimu nusu mwishoni.

Pera likipita dakika 20 linapoteza umbo na rangi inakuwa ya matofali. Si sumu, ila haivutii.

Juu yake krimu ya karanga: karanga za kukaanga zisizo na chumvi gramu 100, maji ya vuguvugu mililita 150, asali kijiko 1, chumvi chembe. Saga dakika 3. Mara ya kwanza inaonekana imekatika, endelea tu, itajikusanya. Ikiwa nzito mno, ongeza maji kijiko kwa kijiko.

Chambua karanga kabla ya kuzikaanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu, au iliyobadilika rangi ndani, tupa. Sumu ya kuvu haiondoki kwa kukaanga, na masika ndiyo majira yake kwa sababu ya unyevu.

#9 Lishe_Kakamega

Dada, umenitangulia kwa karanga. Niongeze mawili ya lishe.

Wimbi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, kama miligramu 340 kwa gramu 100, na una madini ya chuma pia. Chuma cha nafaka mwili hukipokea kwa shida, lakini kikiliwa pamoja na vitamini C kinapokelewa vizuri zaidi. Ndiyo maana wimbi na pera, au wimbi na stroberi, ni ndoa nzuri kuliko wimbi na maziwa matupu. Kinachoharibu ni chai. Majani ya chai yanazuia chuma hicho, basi mwenye upungufu wa damu asishushie kitindamlo hiki na kikombe cha chai. Angoje kama saa moja.

Pili, vitamini C inaharibiwa na moto. Mpishi kaacha gramu 150 za stroberi mbichi, na DadaVihiga naye akate pera moja bichi juu ya bakuli.

Asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata kidogo, hata ikiwa imepikwa.

#10 Kijana_wa_Milimani

Na mwenye kisukari? Kuna mzee nyumbani.

#11 Lishe_Kakamega

Kipimo chake atampa daktari au mtaalamu wake wa lishe, maana inategemea dawa anazotumia. Kwa upande wa jikoni: tunda zima, si juisi, ukilisaga na kulichuja umetupa nyuzinyuzi. Sukari nguru na asali vinapandisha sukari mwilini kama sukari nyeupe, tusidanganyane. Mala iliyochujwa na karanga zinasaidia kwa sababu protini na mafuta vinapunguza kasi. Toa sukari yote kwenye stroberi, tia iliki na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Bakuli lake liwe na mala nyingi kuliko tunda, chenga kijiko kimoja.

#12 BakaBahati

Tuje kwenye oveni. Kuna plamu za mwisho bado zinaonekana, na keki yake ndiyo inayoanguka kuliko zote Nakuru. Sababu ni mbili na watu wanaona moja tu.

Ya kwanza ni kimo. Nakuru mjini tuko kama mita 1,850. Hewa ni nyepesi, gesi ya baking poda inapanuka haraka kuliko keki inavyoshika, inapanda ikiwa bado tope, kisha inadidimia katikati. Resipe ya London au hata ya Mombasa, punguza baking poda kama robo. Panda Molo au Mau Narok, punguza hata theluthi. Ongeza moto wa oveni 10°C ili ishike mapema, na ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa kwa sababu maji yanakauka upesi.

Ya pili ni maji ya tunda, yaleyale ya Mpishi. Plamu ikizama inaacha handaki la ubichi chini yake. Watu wanasema izungushe kwenye unga kwanza. Inasaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni tope zito la keki, na plamu iliyokatwa nusu ikawekwa juu, upande uliokatwa ukitazama juu, ili mvuke utoke hewani badala ya kuingia kwenye keki.

Kwa chombo cha sentimita 22, kwa kimo cha Nakuru: siagi gramu 120, sukari gramu 120, mayai 3, unga wa ngano gramu 150, unga wa wimbi gramu 70, baking poda kijiko 1 cha chai na robo, magadi ya kuokea robo kijiko cha chai, mala mililita 80, chumvi, plamu gramu 400. Piga siagi na sukari dakika 5. Mayai moja moja. Unga na mala kwa zamu, na ukishaona unga mkavu haupo, simama, usiendelee kukoroga. Panga plamu. Oveni 185°C, dakika 45 hadi 50. Kijiti uchome kwenye keki, si kwenye plamu. Kwenye plamu kitatoka na majimaji daima na utaichoma keki ukidhani haijaiva.

Usizidishe wimbi kupita theluthi ya unga wote. Hauna gluteni ya kuishika keki, itapukutika kama udongo mkavu.

#13 MkulimaMolo

Mkubwa Baka, kwa kimo hichohicho, wenye vipimajoto vya jamu wajue hili. Vitabu vinasema jamu inashika ikifika 104 au 105°C. Hiyo ni ya pwani. Maji yanachemka 100 usawa wa bahari, na unapoteza karibu digrii 1 kila mita 300. Kisumu (mita 1,131) yanachemka kama 96, Nakuru kama 94, Molo kama 92. Jamu inashika digrii 4 na nusu juu ya mchemko wa maji ya mahali ulipo. Kwa hiyo Nakuru ni 98 au 99. Ukingoja 105 ukiwa Molo utapata peremende ya kuvunjia meno, na sufuria ya kutupa.

Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, ongeza 4.5. Kwa njia hiyo hata kipimajoto kibovu hakikudanganyi.

Stroberi ina pektini kidogo, haishiki peke yake. Ongezea rojo la pera la DadaVihiga, theluthi moja kwa theluthi mbili za stroberi. Hutahitaji kununua pektini ya dukani.

#14 DadaVihiga

Theluthi ni nyingi mzee, stroberi inamezwa. Robo inatosha, mradi liwe limetoka kwenye yale mapera magumu.

#15 MkulimaMolo

Kwa stroberi za Januari, robo. Kwa hizi za mvua, theluthi. Zijaribuni.

#16 Wanja_Subukia

Swali kuhusu rubabu ya #1. Kuna resipe nzuri za rubabu na stroberi, je, kuna cha kubadilisha? Na kuna mtu ana shina moja shambani, majani yake yanaliwa kama sukuma?

#17 MpishiNjoro

Majani HAPANA. Yana asidi ya oksaliki ya kudhuru. Linaliwa lile shina tu, na kwa kweli ni mboga inayopikwa kama tunda. Waingereza wa Yorkshire huiotesha gizani ndani ya mabanda mwisho wa baridi na kuivuna kwa mwanga wa mishumaa, ili shina libaki laini na la waridi.

Kwetu badala yake ni tunda damu (tree tomato). Lina ukali uleule na rangi kali zaidi. Gramu 500: lichanje alama ya msalaba kwenye ncha, mwagia maji yanayochemka, dakika 1 hadi 2, kisha menya. Ganda lina uchungu, lisibaki hata kipande. Kata katikati, tia sukari gramu 80, maji vijiko 3, karafuu 2, funika moto mdogo dakika 10. Poza, ndipo uchanganye na stroberi mbichi. Ukizipika pamoja, stroberi inapoteza kila kitu na tunda damu linatawala.

Sasa sufuria. Tunda damu, plamu na pasheni ni kali, na sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini. Asidi inaikwangua, unapata ladha ya sarafu mdomoni na rangi ya kijivu. Ndani ya sufuria panabaki pameng'aa kama mpya, hiyo ndiyo dalili. Tumia chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Huna? Pika haraka na uhamishe papo hapo kwenye bakuli la kioo. Usilaze usiku.

#18 Otonglo_Jikoni

Parachichi mbona halijatajwa, na msimu wake mkubwa ndio unaingia? Hili ni la dakika tano. Nyama ya parachichi gramu 300 (2 makubwa ya aina ya Hass), unga wa kakao vijiko 4 vya mezani, asali vijiko 3, maziwa mililita 60, chumvi, kahawa nyeusi kijiko 1 ukipenda. Saga mpaka iwe laini kabisa, weka kwenye vikombe 4, friji saa 1. Kakao inaficha rangi ya kijani, na ndimu huihitaji.

Mawili ya kuangalia. Lichujwe kama ni aina yenye nyuzi karibu na kokwa. Na lisipashwe moto kamwe: parachichi likipata moto mwingi linakuwa chungu. Wale wanaomwaga chokoleti ya moto juu yake wangoje ipoe kwanza.

Kuhusu kuiva: bonyeza karibu na kikonyo, si tumboni, maana kila mteja wa sokoni ameshalibonyeza tumboni na kuliacha na alama nyeusi ndani. Likiwa gumu, funga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu siku 2 au 3. Lililochumwa changa halitaiva. Linasinyaa na kuwa kama mpira, na hapo hakuna ndizi itakayolisaidia.

#19 Nyar_Kibuye

Omera, nalipenda hilo, ila kwa watoto punguza kahawa.

Suala la kukaa nje nalirudia kwa sababu ya joto la huku. Chochote chenye maziwa au mayai kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku ikifika 32°C kwenda juu, saa 1. Kama stima imepotea, gawa kazi: tunda lililopikwa kwa sukari na chenga kavu vinakaa nje bila wasiwasi mpaka jioni. Mala au kastadi itengenezwe mwisho. Chenga ziwekwe kwenye mkebe wenye mfuniko mkali, zinadumu siku 7 hadi 10. Huku karibu na ziwa unyevu unazilegeza, zirudishe kwenye kikaango dakika 3.

#20 Wanja_Subukia

Nimeelewa. Mpishi, baada ya kuchuja lita 1 ya mala, nusu lita ya maji ya kijani yanayobaki ni ya kumwaga?

#21 MpishiNjoro

Usimwage. Yana kalsiamu na protini kidogo. Kandia chapati badala ya maji, unga unalainika. Au korogea uji wa wimbi: loweka unga kwenye maji hayo usiku, asubuhi pika kama kawaida. Ila ukitaka kuweka maziwa kwenye uji huo, yatie baada ya kuupua na kupoa kidogo, la sivyo yatakatika.

#22 Wanja_Subukia

Na sukari nguru kwenye uji huo?

#23 BakaBahati

Soma #4, mama.